Goti la Kwendea Misibani

"Niletee chumvi," akasema Shangazi.

Nikaleta. Alikuwa amekalia mbuzi uani kwake Tanga, kizio cha nazi mkononi, sinia mbele yake imejaa nazi iliyokwisha kukunwa. Chumvi ya nini? Hata tui lilikuwa halijakamuliwa. Nikasema moyoni, labda ni umri. Haukupita muda: "Niletee maji ya uvuguvugu." Nikaleta. Kisha: "Hebu kaangalie mlangoni, kama nasikia hodi." Nikaenda, hapakuwa na mtu. Niliporudi nilimkuta ameikumbatia nguzo ya banda kwa mikono miwili, mguu wa kulia kaunyoosha mbele, jasho jembamba linamtoka, kainuka nusu.

Alikuwa ananituma ili nisimwone anavyohangaika kuinuka.

Nikamshika kwapani, nikamwinua. Hakusema neno, na mimi sikusema. Tukakamua tui.

Hiyo ilikuwa Shaabani. Mfungo umepita, Idi imepita, na chumvi ile bado inanikaa kooni. Nilidhani kinachonisumbua ni goti. Nilihitaji wiki kadhaa kujua kwamba kinachonisumbua ni jinsi nilivyolishika goti la mtu mwingine nikaanza kuliendesha kama gari langu.

## Kamera na ute

Goti la Shangazi mnalijua. Kila nyumba ina moja. Mafuta ya kuchua, majani ya mbono yaliyopashwa moto, vidonge vya duka la dawa, bandeji ya kubana, na jirani anayesema "mifupa inasagana" kana kwamba yeye ndiye aliyeisikia. Nitaruka hayo yote.

Nikamleta Dar. Kliniki ya kwanza (sitaitaja) walimlaza, wakampiga eksirei, wakasema ute umekauka. Wakatupa mpango: sindano 3 za kuongeza ute, halafu "kusafisha goti kwa kamera". Matundu mawili madogo, kamera inaingia, takataka zinaoshwa, jioni anarudi nyumbani. Sindano tukazilipia. Zilimpa wiki mbili za nafuu, au za matumaini, mimi hadi leo sikuweza kutofautisha. Kisha maumivu yakarudi yakiwa na mizigo yao yote.

Kamera ndiyo niliyokuwa naisubiri mimi. Ilikuwa na kila kitu ninachokipenda: teknolojia, kovu dogo, hakuna kulazwa. Pesa ya kianzio nilikuwa nimeshaitenga. Dada yangu, ambaye haamini chochote nisemacho tangu tukiwa wadogo, akasema, "Soma kwanza."

Nikasoma usiku ule hadi chaji ikaisha.

Mwaka 2002, hospitali ya maveterani wa jeshi huko Houston, Marekani, walichukua wagonjwa 180 wenye magoti yaliyosagika. Kundi la kwanza walikwanguliwa goti kwa kamera. La pili walioshwa tu. La tatu walichanwa ngozi, basi. Daktari aliitisha vifaa kwa sauti, akalikunja na kulikunjua goti, maji yakarushwa ili mgonjwa asikie kama yanayosikika siku zote, kisha ngozi ikashonwa. Wakafuatiliwa kwa miaka 2. Hakukuwa na kundi lililowashinda wenzake, wala kwa maumivu wala kwa kutembea.

Nilisoma sehemu ile ya maji mara tatu.

Mwaka 2017 jopo la kimataifa likaandika kwenye jarida la kitabibu la BMJ kwamba upasuaji wa kamera usifanywe kwa magoti yaliyochakaa, na wakatumia lugha kali. Na zile sindano za ute? Mwongozo wa Uingereza unawaambia madaktari wasizitoe kwa goti la namna hiyo. Kamera ina kazi yake, tuelewane: kijana aliyechanika kano uwanjani, au goti lililokwama kwa sababu kipande kimenasa ndani. Lakini gegedu iliyokwisha (ile nyeupe laini unayoiguguna mwisho wa mfupa wa kuku) haioshwi ikarudi. Huwezi kupiga deki sakafu iliyong'oka.

Sikumwambia Shangazi. Nilimwambia tu tunabadilisha daktari. Aibu yangu nikaila peke yangu.

## Piga picha akiwa amesimama

Daktari wa pili alikuwa kijana. Alisimama mlangoni, "Shikamoo Mama," akaitikiwa marahaba, kisha badala ya kulishika goti akamwomba atembee hadi dirishani na kurudi. Akatazama kiuno, nyonga, visigino. Akamlaza na kuizungusha nyonga kwanza. Nikataka kumwambia, daktari, ni goti. Nitaeleza baadaye kwa nini nilinyamaza.

"Ile picha ya kwanza alipigwa amelala," akasema. "Nataka ya kusimama."

Tofauti ilinitisha. Akiwa amelala, kati ya paja na muundi palionekana pengo jembamba, na pengo ndilo mahali pa gegedu, maana gegedu haionekani kwenye eksirei. Akiwa amesimama, uzito wa mwili juu yake, upande wa ndani hapakuwa na pengo. Mfupa umekaa juu ya mfupa. Upande wa nje pengo limebaki uzi. Ndiyo maana mguu wake ulikuwa umeanza kuingia matege uzeeni, jambo ambalo sisi tulilichukulia kuwa mwendo wake tu.

Nilikwenda nikiamini maswali ni mawili: apasuliwe au asipasuliwe. Kumbe njia ni nyingi, na nyingi si zake.

Angekuwa na miaka 45 na amechakaa upande mmoja tu, daktari angependelea kuukata mfupa wa muundi chini ya goti, kuupanua kidogo kama unavyochomeka kabari, na kuushikiza kwa bamba na skrubu, ili uzito uhamie upande mzima. Goti linabaki lake mwenyewe. Mkulima, mtu wa kupanda ngazi na magunia, hiyo inamfaa kwa miaka kadhaa. Kama upande mmoja umekwisha na kano zote ni nzima, kuna nusu goti: wanabadilisha upande ule tu. Goti lililoharibiwa na usaha au lililokwisha kubadilishwa mara nyingi, wakati mwingine huunganishwa likawa mfupa mmoja. Halikunjiki tena, lakini haliumi na linabeba.

Shangazi pande mbili zilikuwa zimekwenda, na chini ya pia ya goti vilevile. Kwake ilikuwa goti zima, au kuendelea kuishi nalo kwa mazoezi ya misuli ya paja, kupunguza uzito, mkongojo na dawa za maumivu.

"Mnakata mguu mnaunga?" akauliza.

Daktari akafungua droo, akampa mfano wa goti bandia. Nilimtazama Shangazi akilipima kwa mkono kama anayenunua nyama. Kipande cha juu ni chuma cha kung'aa, mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, kimejipinda kama kwato. Cha chini ni sahani ya titani yenye mguu mfupi wa kuzama ndani ya mfupa. Kati yao plastiki nyeupe ngumu. Akakigonga kwa ukucha, kikalia ti.

"Mbona kama vyombo vya jikoni."

"Ndiyo, Mama. Goti hatulitoi. Tunakwangua mwisho wa mfupa, milimita 9 au 10 hivi, tunauvisha kofia. Kule chini tunauwekea sahani. Kano za pembeni zinabaki zako."

Kofia. Neno hilo moja lilifanya kazi kuliko maelezo yangu yote ya mwezi mzima. Niliona mabega yake yakishuka.

Kisha akamwambia ya upande wa pili, na hapa nilimheshimu. Karibu mgonjwa 1 kati ya 100 hupata maambukizi ya ndani, na yakiingia kwenye chuma dawa peke yake mara nyingi hazitoshi, hurudi mezani. Damu inaweza kuganda mguuni, ndiyo maana wanamsimamisha mgonjwa siku hiyohiyo au kesho yake. Na karibu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti husema, baada ya yote, hawajaridhika. Sukari yake ishuke kwanza. Na lile jino bovu la nyuma ling'olewe kabla, kidudu cha kinywani kisije kikasafiri na damu hadi kwenye chuma.

"Nimekuja na goti," akasema Shangazi, "narudi bila jino."

Tukacheka sote. Tulikuwa tunainuka. Nilikuwa nimeshashika mkoba wake, nimeshaona tarehe kichwani.

"Daktari, nitaweza kusujudu?"

## Kimya cha daktari

Hakujibu haraka.

"Kulipigia goti hakutaliharibu," akasema. "Lakini wengi hawapendi, wanahisi kitu kigumu, na ngozi ya pembeni ya kovu hufa ganzi. Na kukunja mpaka ukakaa juu ya kisigino, hilo sikuahidi. Wengi wanaishia nyuzi 110, 120. Kile kikao kinataka zaidi."

"Na mbuzi?"

Daktari akanitazama. "Mbuzi ya kukunia nazi," nikasema.

"Fupi kiasi gani?"

Shangazi akaonyesha kwa kiganja, chini kabisa. Daktari akatikisa kichwa.

"Basi ngoja nikafikiri," akasema, na akatangulia kutoka, akijishikilia ukutani.

Nilikasirika. Naandika hivi kwa sababu nimeamua kusema kweli. Kwenye bajaji nilikaa kimya kama mtoto aliyenyimwa. Mtu hawezi kuinuka kutoka kwenye mbuzi, halafu anakataa dawa ya kuinuka kwa sababu hataweza kuikalia mbuzi! Kundi letu la familia kwenye simu likawaka moto jioni ileile. Mwanawe aliyeko Maskati akasema apelekwe India, yeye atalipa. Dada akajibu kwamba magoti na nyonga hubadilishwa hapahapa, MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, si jambo geni, India wana sijda ya aina gani? Mjomba akatuma dua. Mtu mwingine akatuma video ya tangawizi na mdalasini.

Shangazi yumo kwenye kundi hilo. Hakuandika kitu. Tiki zilikuwa za bluu.

## Nyonga ya mpwa wangu

Sababu ya mimi kuwa na haraka ina jina lingine: sikoseli.

Mpwa wangu, mtoto wa dada, anaishi nayo tangu utoto. Akiwa na miaka 20 alianza kulalamika goti. Wakapiga picha ya goti: zima. Wakasema ni maumivu yake yaleyale. Na sisi tukasema hivyohivyo, kwa sababu mtu wa sikoseli akiumwa unajua pa kuiweka lawama bila kutafuta. Alichechemea mwaka mzima. Siku daktari mmoja alipomlaza na kuizungusha nyonga, kijana akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka.

Nyonga ikiugua inaweza kuumia gotini. Ndiyo maana nilinyamaza kule Dar.

Kichwa cha mfupa wa paja kinalishwa na mishipa michache, midogo. Seli za damu zilizojikunja kama mundu zikiiziba, mfupa unakufa kimyakimya huku mwenyewe anatembea juu yake. Ukiwahi, mfupa unaweza kutobolewa tundu hadi ndani ya kichwa chake ili kupunguza shinikizo na kuupa nafasi ya kupona. Sisi hatukuwahi. Kwenye picha kile kichwa kilichotakiwa kuwa duara kilikuwa kimebonyea kama yai la kuchemsha lililokaliwa.

Wakambadilishia nyonga akiwa na miaka 22. Walituonya: damu yake inaongeza hatari, mfupa wake mgumu kupenya, na nyonga ya leo si ya mwisho. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi mkubwa uliosema kati ya nyonga 100 zinazobadilishwa, 58 hivi hukaa miaka 25. Kwa magoti ni 82. Nikampigia hesabu mpwa wangu. Akasema, "Mama mdogo, nikifika 47 nitakuwa mzee, mtanifanya mnavyotaka."

Wiki za mwanzo hakuruhusiwa kukaa chini wala kupishanisha miguu, kiungo kisije kikachomoka. Chumba alichopanga kina choo cha kuchuchumaa. Tulinunua kiti cha plastiki, shemeji akakikata tundu katikati kwa kisu kilichopashwa moto, akapiga msasa kingo. Nimeona vifaa vingi vya hospitali tangu siku hiyo, hakuna kilichonifurahisha kama kiti kile. Leo kijana anapanda daladala za Mbagala akiwa amesimama.

Basi nikaichukua furaha ile nzima nzima nikataka kumvisha Shangazi.

Lakini nyonga si goti. Nyonga ni tufe ndani ya kikombe, ukipata tufe nzuri na kikombe kizuri umemaliza sehemu kubwa ya kazi. Goti linabingirika, linateleza na kujipinda kidogo kwa wakati mmoja, na limeshikwa na kano kila upande. Ndiyo maana wenye nyonga bandia huwa na furaha kuliko wenye goti bandia. Na zile takwimu za miaka 25? Zilitoka Australia na Finland. Watu wanaokaa vitini. Hakuna aliyewauliza Wafini kuhusu mbuzi.

## "Nani alikubali wa kwanza?"

Ramadhani ilianza, akarudi Tanga. Hatukuzungumza goti. Usiku mmoja baada ya tarawehe akanipigia mwenyewe.

"Wewe unayesoma sana. Nani alikubali wa kwanza kuwekwa chuma?"

Nikamwambia haikuanza na chuma. Ilianza na pembe. Mwaka 1890, Berlin, daktari aitwaye Themistocles Gluck alitengeneza bawaba ya goti kwa pembe ya ndovu, akawawekea watu ambao viungo vyao vililiwa na kifua kikuu. Usaha ukaishinda kazi yake.

"Tisini hiyo, Mjerumani si yuko hapa Tanga?"

"Yuko."

"Na pembe zinatoka Bagamoyo na Unguja zinakwenda kwao." Akanyamaza kidogo. "Endelea."

Nikamwambia kuhusu Mwingereza John Charnley, wa hospitali ya Wrightington. Kikombe chake cha kwanza cha nyonga alikifanya kwa Teflon, ileile ya vikaango visivyogandisha. Wagonjwa walitoka wakicheka. Miaka michache ikapita, plastiki ikalika, chembe zake zikaunguza nyama na kula mfupa, akawa wa kuwarudisha mezani mmoja mmoja kutoa alichokiweka. Alizipandikiza chembe zile ndani ya paja lake mwenyewe aone zinafanya nini. Mwaka 1962 akaanza na plastiki nyingine, ngumu zaidi, na kichwa kidogo cha chuma cha milimita 22 hivi. Jamaa ya plastiki ile ndiyo iliyo katikati ya kile chombo ulichokigonga kwa ukucha.

"Alijiweka mwenyewe pajani?"

"Alijiweka."

"Huyo sawa."

Nikamwongezea la Burma, kwa sababu nilijua atalipenda. Mandalay, mwaka 1960, Daktari San Baw hakuwa na chuma cha kutosha lakini nchi yake ilikuwa na ndovu wa kazi. Akachonga kichwa cha paja kwa pembe, akamwekea mtawa wa Kibuddha wa miaka 83 aliyevunjika nyonga. Alifanya hivyo kwa watu zaidi ya 300, na ilielezwa kwamba wagonjwa wake waliweza kuendesha baiskeli na kuchuchumaa.

"Kuchuchumaa?"

"Nyonga, Shangazi. Si goti."

"Nimekusikia."

Lakini nilisikia na mimi jinsi alivyolishika lile neno.

## Kiti

Nilikwenda Tanga kumi la mwisho. Alfajiri nikaamka kwenda kutawadha, nikapita mlangoni kwake. Alikuwa anaswali.

Kwenye kiti.

Msala umetandikwa mbele ya kiti cha plastiki, kanga begani, anainamisha kichwa pale ambapo wengine wanashuka. Baadaye nikaambiwa ana zaidi ya mwaka hivyo. Mimi nikija huwa anafunga mlango.

Nikasubiri tufturu, nikamvaa. Unaogopa kupoteza sijda ambayo huna?

Alitafuna tende yake taratibu, akatoa kokwa, akaiweka kwenye kisahani.

"Kiti hiki nimekalishwa," akasema. "Kile kingine nitakuwa nimekichagua. Sasa hivi kila siku nasema labda kesho nitashuka. Huyo daktari akishanivisha kofia yake, hakuna kesho tena ya kuisema."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma juu ya kobalti na nyuzi na Finland, hilo sikulikuta popote.

Alikuwa ameshamwuliza Maalim wake, akamwambia dini haimdai mtu asichoweza, na kujitibu si kosa. Alilijua jibu hilo kabla ya kuuliza. Ruhusa anayo siku nyingi. Alichotaka ni muda wa kuiaga sijda, na sisi tulikuwa tunampa bei za tiketi za India.

Kisha nikamwuliza kitu ambacho, nikihesabu, hakuna aliyekiuliza kwa miaka minne. Tulimwuliza inauma wapi, inauma lini, ukipanda au ukishuka. Nikamwuliza: ukipata mguu, unataka kwenda wapi?

Hakufikiri hata kidogo.

"Misibani."

Akaanza kuwataja. Rafiki yake wa Chumbageni, amezikwa yeye hakufika. Mke wa kaka yao wa Pongwe. Jirani wa ukuta kwa ukuta, alimlilia dirishani kwa sababu watu walikaa chini kwenye mikeka na yeye akikaa chini ataondolewa kama gunia mbele ya waombolezaji. "Watu wananihesabu sifiki. Kwangu nani atakuja?"

"Lakini misibani pia watu hukaa chini, Shangazi."

"Nitabeba kiti changu. Kiti kinabebeka. Tatizo kufika."

## Nyundo

Hakusema ndiyo siku ile. Aliomba azungumze na mtu aliyefanyiwa, nami nikamtafutia jirani yangu wa Dar, mama mtu mzima mwenye goti bandia la kulia. Niliweka simu mezani nikajifanya nasoma gazeti.

Jirani hakumbembeleza. Alimwambia alichomwa sindano ya mgongo, kiuno kikafa, akili ikabaki macho, na kupitia usingizi mwepesi alisikia msumeno na nyundo, "utadhani nimelala karakana ya seremala." Alimwambia upasuaji ni saa moja na nusu, kazi ni wiki sita za kulikunja. Alilia. Alimchukia yule binti wa mazoezi tiba, leo wanaalikana harusi. Ngozi ya pembeni mwa kovu hadi sasa ganzi. Akipiga goti ni kama amepigia changarawe, kwa hiyo hapigi. Sokoni anakwenda kwa miguu na kurudi.

"Na ngazi?" akauliza Shangazi.

"Napanda. Kushuka nashika ukuta."

"Hujuti?"

Kikapita kimya. "Najuta kuchelewa. Na kuna siku najuta kidogo tu, bila sababu."

Ile "bila sababu" nadhani ndiyo iliyomkata shauri. Nilijua kwa namna alivyolirudia akikunja kanga: kuna siku, bila sababu. Mtu aliyemwambia ukweli mzima hakuwa daktari wala mimi.

Jino lilitoka wiki iliyopita. Sukari inashuka. Mguu mmoja tu kwa sasa, wa kulia, baada ya mvua za masika. Kila asubuhi anafunga kilo moja ya mchele kwenye kifundo cha mguu kwa kipande cha kanga, anakaa kitini, anaunyoosha mguu, anahesabu hadi kumi kwa sauti ya kumkaripia mtu. Binamu wa Maskati ametuma pesa na lawama kwa kiasi kinacholingana.

Juzi nimemkuta na fundi seremala uani. Amemwita arefushe miguu ya mbuzi ifike usawa wa kiti, na amtengenezee kigoda cha kuwekea sinia. Fundi alikuwa amekata vipande vinne vya mbao, anavipanga chini, penseli sikioni.

"Bibi, hivi nipige misumari moja kwa moja au skrubu? Msumari imara zaidi. Skrubu unaweza kufungua ukairudisha fupi."

Shangazi aliutazama ule mguu wake, akaitazama mbuzi.

"Weka skrubu," akasema.